LiteAce inazima ukiachia mafuta

Pole sana mkuu. LiteAce yako, gari la Toyota la injini ya 5K, inazima ukiachia pedali ya mafuta, na kila fundi anakaza tu skrubu ya sailensa (ile ya kupandisha mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta): huko ni kuficha ugonjwa. Hiyo skrubu iache kwanza.

Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, sikiliza chini ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na kwenye mipira ya vakyumu, ile inayovutwa hewa na injini. Ukisikia mluzi, nyunyiza maji kidogo hapo. Mlio ukibadilika, hewa inapenya, badilisha gasketi au mpira. Usijaribu kwa petroli, itawaka!

Kama hakuna panapovuja, zima injini, kisha fungua swichi bila kupiga stata: solenoidi ya kabureta (vali ya umeme inayofungua njia ya petroli) ikigonga "tak", inapata umeme. Kisha safisha jeti ndogo, kitundu cha petroli ya sailensa, kwa upepo, usiichokonoe kwa waya. Vumbi letu la Dodoma linapenda kukaa humo.

Ndipo uguse skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa. Ifunge taratibu bila kuikaza, fungua mizunguko miwili, halafu zungusha kidogo kidogo hadi injini itulie. Kama kabureta ilisetiwa Dar, huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na petroli inazidi kiasi kwenye mchanganyiko.

Skrubu isipobadili chochote jeti bado imeziba. Petroli ikichuruzika kwenye kabureta, zima gari, ita fundi wa kabureta.