Kwa nini Hüsker Dü walivunjika, na nyinyi watatu mfanye nini

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza imekuwaje Hüsker Dü, bendi ya roki ya vijana watatu wa Saint Paul, Minnesota, Marekani, watoe albamu tano kati ya Julai 1984 na Januari 1987, wachukuliwe na kampuni kubwa ya muziki, kisha mwaka mmoja baadaye bendi isiwepo. Na unauliza kwa sababu nanyi mko watatu, watunzi wawili, na kuna lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, imewaletea mkataba. Nakujibu yote mawili pamoja, maana jibu ni moja.

Walianza mwaka 1979: Bob Mould kwenye gitaa, Grant Hart kwenye drams, Greg Norton kwenye besi. Mould na Hart wote wawili walitunga na wote wawili waliimba. Oktoba 1983 waliingia studio California kurekodi albamu ya Zen Arcade. Vipande 25, na viwili tu ndivyo vilivyorudiwa. Vilivyobaki vilipita mara ya kwanza. Saa 45 za kurekodi, saa 40 mfululizo za kuchanganya sauti, gharama yote dola 3,200. Ili hilo liwezekane, nyimbo lazima ziingie studio zikiwa zimeshakaa mikononi. Anayelipia saa za studio ili atafute kiitikio cha wimbo anatupa pesa, na wenzake wanamwona akizitupa. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Albamu ilipotoka, lebo yao, SST, ilichapisha nakala elfu chache tu. Zikaisha. Bendi iko ziarani, magazeti yanaisifu, na dukani hakuna santuri. Aliyetoka kwenye shoo usiku huu atanunua kesho au keshokutwa. Ukimkosa wiki hiyo, umemkosa. Kwa hiyo kabla hamjatia sahihi, iulizeni lebo mambo matatu: toleo la kwanza ni nakala ngapi, zikiisha itachukua wiki ngapi kuchapisha tena, na nani anatoa hizo fedha. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Ahadi ya simu haishiki.

Mwaka 1986 wakaingia Warner Bros. Wapo wanaosema kampuni kubwa ndiyo iliyowaua. Mimi sikubaliani nao. Warner iliwaachia usukani wa muziki wao, na albamu ya mwisho, Warehouse: Songs and Stories, ilikuwa ya santuri mbili, nyimbo 20. Tazama nyimbo hizo zilivyogawanyika: Mould 11, Hart 9, Norton hakuna.

Hesabu hiyo usiipite haraka. Kiwango cha kisheria cha malipo ya mtunzi Marekani mwaka 1987 kilikuwa senti 5 kwa kila wimbo katika kila nakala, kabla kampuni haijapunguza kwa vifungu vya mkataba wake. Kwa kiwango kamili, nakala moja ya nyimbo 20 inaleta dola moja ya utunzi. Senti 55 kwa mmoja, senti 45 kwa wa pili, sifuri kwa mpiga besi aliyesafiri gari lile lile na kubeba spika zile zile. Wimbo mmoja ukiondolewa kwenye orodha, hajaumia moyo tu aliyeutunga; umempunguzia kipato kwa miaka. Ndiyo maana watunzi wawili wakibishana "wimbo upi ni bora", mara nyingi mfukoni nako kuna sauti. Na kila mmoja anajua mwenzake anajua.

Kati yao alikuwepo meneja, David Savoy. Februari 1987, ziara ikiwa inakaribia kuanza, alijiua. Bendi ikaanza kujisimamia yenyewe. Msiba ule peke yake ungetosha kuwalemea, na juu yake watunzi wawili waliokuwa wakishindana hawakuwa tena na mtu wa tatu wa kupokea simu zao. Hart alikuwa anapambana na heroini. Desemba mwaka huo, huko Columbia, Missouri, dawa ya methadoni aliyokuwa anaitumia kujinasua ilivuja kwenye chupa yake, akabaki bila dawa. Mould akafuta shoo zilizobaki, na Januari 1988 bendi ikawa imekwisha. Chupa ile haikuivunja bendi. Ilikuta ufa wa miaka.

Sasa ninyi. Tenganisheni pesa za aina tatu, maana zikichanganywa hakuna atakayezielewa: ya utunzi, ya rekodi yenyewe, na ya shoo pamoja na fulana. Ya shoo na fulana gawaneni sawa, baada ya kutoa mafuta, matengenezo ya gari na akiba ya ziara ijayo. Ya utunzi iandikwe siku ile ile wimbo unapokamilika, karatasi moja kwa wimbo mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina ya wote waliouunda, asilimia za kila mmoja zikijumlishwa ziwe 100 kamili, na kila mmoja atie sahihi. Mkingoja hadi wimbo upendwe, kila mtu atakumbuka mchango wake kuliko wa mwenzake, na hatakuwa anadanganya.

Kuna waliochagua kugawana sawa hata utunzi. R.E.M. wa Athens, Georgia, waliandika majina ya wote wanne kwenye nyimbo zao, na kila mmoja alikuwa na haki ya kusema hapana. Walidumu tangu 1980 hadi 2011. Lakini usidhani mgawo sawa ni dawa ya kila kitu. Galaxie 500 wa Boston nao waligawana sawa kwa tatu na bado walivunjika mwaka 1991. Mwaka huo huo lebo yao, Rough Trade ya Marekani, ikafilisika, na ikabidi wanunue kanda mama zao wenyewe, yaani kanda za asili za rekodi zao, kwenye mnada. Faida ya mgawo wao ilionekana baadaye: fedha ikiingia, hata senti 21 za redio ya intaneti, ni senti 7 kila mtu, hakuna wa kubishana naye.

Kwa hiyo ongezeni kifungu: lebo ikifilisika au ikiacha kuuza albamu kwa miezi kadhaa mtakayokubaliana, rekodi zirudi kwenu. Kingine kuhusu jina: mmoja akitoka, je, wawili waliobaki wanaendelea nalo? Na anayetoka anaendelea kupata nini kwa nyimbo alizokwisha kurekodi? Hapo mimi ningeandika kwamba mgawo wake wa zamani haubadiliki, ila wa shoo unakoma siku anayoondoka.

Mshika fedha msimchague kati ya watunzi wawili. Mpeni mpiga besi, au mtu wa nje anayewaonyesha daftari kila mwezi.

Nitumie mkataba wa lebo kabla ya sahihi, kurasa zote, hata zile za maandishi madogo.

Mama yako