Daktari Anajibu: Kwa nini muuguzi ajikinge kwanza ndipo amguse mgonjwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, baba yetu alilazwa akihema kwa shida. Sisi tulizuiwa getini, na ndugu yangu aliyefika dirishani aliwaona wauguzi wakichukua muda mrefu kuvaa magauni, glovu na miwani ilhali mzee anaita. Alifariki siku chache baadaye bila sisi kumwona. Mhudumu anayejishughulikia yeye kwanza anawezaje kusema kwamba anamhudumia mgonjwa? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba wa mzee. Katika suala la kujikinga nawaunga mkono wauguzi wale; katika suala la kuzuiwa getini, una haki ya kulalamika.

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Zaire ya wakati huo, sindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kutakaswa ipasavyo, na Ebola ikaenea kupitia hospitali ileile ambayo watu waliikimbilia. Kati ya watumishi 17, waliambukizwa 13 na wakafa 11, hata hospitali ikafungwa. Mwaka 1995, huko Kikwit katika nchi hiyohiyo, mgonjwa ambaye hakushukiwa kuwa na Ebola alifanyiwa upasuaji, na waliomhudumia wakaambukizwa mmoja baada ya mwingine. Uganda nayo, katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Septemba 2022, ilishuhudia wahudumu 19 wakiambukizwa na 7 wakifariki, miongoni mwao daktari Mtanzania aliyekuwa akisomea upasuaji huko. Kwa upande wa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki duniani kote kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021.

Muuguzi mmoja hupita vitanda vingi katika zamu moja, na akiambukizwa hajisikii mgonjwa siku hiyohiyo, kwa hiyo huendelea kubeba maradhi kutoka kitanda hadi kitanda na hatimaye hadi nyumbani kwake. Akianguka yeye, hakuna wa kumrithi upesi, maana kumfunza muuguzi huchukua miaka. Ndiyo maana mavazi huvaliwa kwa mpangilio maalumu, mwenzake akimkagua asiache hata upenyo mdogo. Kuvua ni hatari zaidi kuliko kuvaa, kwa kuwa sehemu ya nje ya gauni na glovu imekwisha kuchafuka, na mhudumu aliyechoka na kulowa jasho ni rahisi kujigusa uso bila kukusudia.

Hata hivyo, mzee wako hakupaswa kusubiri. Wodi ya kutenga wagonjwa iliyopangwa vizuri huwa na mhudumu aliyekwisha kuvaa ndani yake wakati wote, na anayempokea huingia kabla yeye hajatoka. Mgonjwa akiita na ndipo mavazi yaanze kutafutwa, kasoro iko katika upangaji wa zamu na uchache wa watumishi, wala si katika gauni. Hilo ni la uongozi kulijibu, na ninyi ndugu mna haki ya kuuliza.

Kuhusu geti, naelewa kwa nini wageni walipunguzwa, kwani chumba chenye watu wengi na hewa isiyopita vizuri ni mahali pa kuambukizana. Lakini kumzuia mtu asiingie hakuhalalishi kumnyima habari. Huko Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola ulioanza mwaka 2018, vilitumika vyumba vya plastiki angavu, hivi kwamba mgonjwa aliweza kuonana na kuongea na jamaa zake bila kugusana, na mhudumu aliweza kumfikia kupitia mikono ya plastiki iliyoshikizwa ukutani. Si kila hospitali itamudu vyumba hivyo, lakini kila hospitali inaweza kumteua mtumishi mmoja wa kuwapa ndugu taarifa kila siku kwa saa inayojulikana, na kumshikia mgonjwa simu asikie sauti za watoto wake. Naamini jambo hili ni sehemu ya tiba, na palipokosekana familia zilidhulumiwa.

SWALI: Daktari, ninaishi Bukoba Vijijini, ambako Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ilitokea mwaka 2023. Ikitokea tena, mjamzito aende hospitali kujifungua au abaki nyumbani? (Msomaji, Kagera)

JIBU: Aende. Katika mlipuko ule walithibitishwa au kushukiwa watu 9 na wakafariki 6, akiwamo mhudumu wa afya, kwa hiyo hofu yenu inaeleweka. Lakini kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua kunaua kila mwaka, mlipuko uwepo au usiwepo. Akifika atapimwa joto na kuulizwa maswali mlangoni kabla ya kuingia. Ajibu kwa ukweli wote: kama ana homa, kama amemuuguza mtu au kuosha maiti katika siku 21 zilizopita. Jibu hilo halimfukuzishi, bali humwelekeza mhudumu wapi pa kumpeleka na vazi gani la kuvaa.