Ieleze kwanza kwa Kiswahili: kwa mdogo wangu anayeanza chuo Lubumbashi

Siku matokeo ya Egzeta, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka, najua ilivyokuwa kwenu. Walikumwagia poda nyeupe kuanzia kichwani hadi mabegani, watoto wakakufuata barabarani wakiimba, na mama akasimama mlangoni machozi yakimtoka huku anacheka. Hongera sana, mdogo wangu. Furaha hiyo uliitolea jasho.

Nami nilipakwa poda hiyo. Nilifika Lubumbashi mwaka 2021 nikitokea Kalemie kwa treni, na godoro langu limefungwa kwa kamba, nikiwa na asilimia 71 ambazo baba alizitegemea alipokubali kuuza shamba dogo ili alipe minervali, yaani ada ya chuo. Miezi michache baadaye, mtihani wangu wa kwanza wa uchumi ukarudi na alama 6 juu ya 20.

Nataka nikueleze alama hizo zilitoka wapi, maana hazikutokana na uvivu. Nilisoma mno. Silabusi, kijitabu cha kozi, ilikuwa na kurasa zaidi ya themanini, nami niliikariri yote. Nilikaa uani kwa mama mdogo, kule Ruashi, umeme ukikatika nawasha tochi ya simu, nasoma kwa sauti mpaka majirani wakazoea. Ungeniamsha saa nane za usiku ukaniuliza maana ya elastisite ya mahitaji, ningekujibu kwa Kifaransa safi, neno kwa neno kama profesa alivyolisema. Kisha mtihani haukuuliza maana. Uliuliza: bei ya unga wa mahindi imepanda kwa asilimia 20, familia imepunguza kununua kwa asilimia 5 tu, piga hesabu, eleza, na useme muuzaji amepata au amepoteza. Nilitazama karatasi ile dakika nyingi. Nikaandika ile maana niliyoikariri, kwa mwandiko mzuri, na mkono wangu ukakwama hapo.

Aliyenitoa gizani ni binti mmoja wa Katuba niliyekaa naye benchi moja. Mama yake anauza unga sokoni kwa meka, kopo la kupimia. Yeye alipata 13. Nilimwuliza alisoma saa ngapi usiku, akaniambia hakusoma usiku. Akaniuliza swali, kwa Kiswahili chetu cha hapa:

"Bunga ikipanda bei, kwenu munaachaka kula bukari?"

Nikamwambia hapana, ugali tunakula tu.

"Na sukari yenye gazi, ikipanda?"

Ah, soda tunaacha.

"Basi elastisite ni ile."

Yaani bei ikipanda, watu wanapunguza kununua kwa kiasi gani. Akachukua kalamu. Tuseme meka moja ni faranga 3,000, na nyumba inanunua meka 20 kwa mwezi. Bei ikifika 3,600, imepanda asilimia 20. Mama wa nyumba anajibana, ananunua 19, maana yake amepunguza asilimia 5. Gawanya 5 kwa 20, unapata 0.25. Iko chini ya 1: watu hawawezi kuukimbia unga. Muuzaji alikuwa anaingiza faranga 60,000, sasa anaingiza 68,400. Kisha soda: ikitoka faranga 1,000 ikafika 1,200, waliokuwa wananunua chupa 20 wananunua 14. Wamepunguza asilimia 30. Gawanya kwa 20, unapata 1.5. Aliyedhani atatajirika kwa kupandisha bei ya soda ameingiza 16,800 badala ya 20,000.

Nilikaa kimya. Kitu nilichokikariri kwa majuma matatu nilikuwa nakiishi kila mwisho wa mwezi jikoni kwa mama mdogo. Sikukitambua kwa sababu kilikuja kimevaa Kifaransa.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe kuingia chuoni. Kozi zitakuja kwa Kifaransa, maswali kwa Kifaransa, na majibu utayatoa kwa Kifaransa. Hakuna ubaya. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakiita Kifaransa lugha rasmi, na Kiswahili inakiweka kati ya lugha nne za taifa, na wewe utazihitaji zote mbili. Ila kukariri Kifaransa na kuelewa kozi ni vitu viwili. Kozi ambayo huwezi kumweleza shangazi yako kwa maneno ya nyumbani, bado hujaielewa, hata ukiweza kuitaja yote umefumba macho.

Basi tafuta watu watatu, uwe wa nne. Wakizidi watano yanageuka mazungumzo. Usichague wenye sauti kubwa darasani, chagua wanaokuja mapema. Sisi tulikuwa yule binti wa Katuba, kijana mmoja wa Kasenga, na mwenzetu mmoja kutoka Kasai ambaye alikuwa anajieleza kwanza kwa Tshiluba, akinung'unika peke yake, ndipo anatugeukia kwa Kiswahili. Yule alikuwa anaelewa kuliko sisi sote, kwa sababu kila kozi aliivusha mto mara mbili.

Siku ile ile ya kozi, kabla ya kutawanyika, mmoja wetu anasimama chini ya mti na kueleza kile profesa alichosema, bila daftari, kwa Kiswahili. Akikwama, hatumsaidii haraka. Tunamwuliza: "Mfano?" Asipokuwa na mfano wa sokoni, wa mgodini, wa shambani au wa nyumbani, tunaandika alama ya kuuliza pembeni, na kesho yake mmoja anaipeleka kwa asistanti, msaidizi wa profesa. Baadaye, na hatua hii wengi wanairuka kisha wanaanguka, tunarudi kwenye Kifaransa: kila mtu anaandika sentensi tatu za jibu kama vile yuko kwenye mtihani, tunabadilishana madaftari, tunasahihishana. Ukiishia kwenye Kiswahili utaelewa vizuri na bado utapata 9, kwa sababu anayesahihisha hakuwa nanyi chini ya mti. Dakika arobaini zinatosha. Katika sesyo ya pili, yaani mtihani wa marudio, uchumi ule ule, nilipata 14.

Usiogope kuuliza asistanti. Nilipoteza muhula mzima nikidhani kuuliza ni kujionyesha mjinga. Asistanti wengi wanakaa na mlango wazi na hawaoni mtu mpaka wiki ya mwisho, halafu wanakuja mia moja kwa pamoja.

Jambo lingine linaloangusha watu halihusu akili hata kidogo. Shuleni kulikuwa na kengele, na prefe, mkuu wa shule, aliyejua jina lako na la baba yako. Chuoni hakuna atakayekuita. Kila kitu kinabandikwa kwenye ubao wa matangazo, ule ambao hapa wote tunauita valve: saa za kozi, oditwari (ukumbi wa kozi) iliyobadilishwa, tarehe ya interogasyo (jaribio), majina ya wasiokamilisha faili. Mwezi wangu wa pili nilikosa interogasyo ya takwimu kwa sababu ilisogezwa kutoka Alhamisi hadi Jumatano, karatasi ikabandikwa Jumatatu mchana, mimi nikiwa kwenye basi. Katika grupu la WhatsApp la promosyo, yaani wanafunzi wa mwaka wetu, mtu aliandika kwamba imeahirishwa hadi juma lijalo. Alikuwa amesikia kwa mwingine. Nikaandikiwa sifuri. Grupu litakusaidia kwa mengi, lakini tarehe iamini ukiwa umeiona kwa macho yako, na piga picha karatasi yenyewe, mhuri uonekane. Mtu wa kumshika mkono ni chefu wa promosyo, kiongozi wenu. Mwulize kwa adabu, mapema, na umshukuru, maana anasumbuliwa na kila mtu.

Kuhusu ushauri wa nyumbani, sikiliza kwa heshima, kisha uhakikishe. Hapa mjini kila kizazi kilisoma chuo cha namna yake. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifungua milango mwaka 1956, na kati ya mwaka 1971 na 1981 kilikuwa sehemu ya chuo kikuu kimoja cha taifa zima, Unaza. Kwa hiyo babu atakuambia habari za Unaza. Kaka yako mkubwa atakuambia habari za graduat, miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili, na ukimwambia uko L1 atashtuka akidhani umeruka hadi mwaka wa nne. Wewe uko kwenye mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta): lisansi ni miaka mitatu, kila mwaka krediti 60, jumla 180. Na krediti haihesabu saa za kukaa oditwari peke yake, inahesabu pia kazi unayofanya mwenyewe. Ndiyo maana utaona mchana mtupu kwenye ratiba ukadhani ni mapumziko. Mchana ule ni kozi, ila mwalimu wake ni wewe. Masharti ya kupanda mwaka ukiwa na deni la krediti yaulize aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi, mwezi wa kwanza, usiyasikie kwa wakubwa kantini.

Kama unaishi kwa ndugu kama nilivyoishi mimi, soma hapa polepole. Kutoka Ruashi hadi Kasapa, kilipo chuo, ni magari mawili, kwanza mjini, kisha gari la pili, na asubuhi watu wanaligombania. Nilikuwa natoka saa kumi na moja na nusu, baada ya kuchota maji na kufagia uwanja, na jioni nikirudi masufuria yananingoja. Nilinung'unika moyoni miezi mitatu. Mama mdogo hakujua kitu. Kwake yeye mtoto anakwenda shule, anarudi, anasaidia, kama watoto wote. Siku moja nilichukua karatasi, nikaandika tarehe zote za mitihani, nikamketisha nikamweleza: "Mama, hizi siku tisa ndizo zitakazonipandisha mwaka au kunirudisha. Siku nyingine zote niko hapa kwa kazi zako." Aliichukua akaibandika ukutani juu ya jiko. Juma la mtihani lilipofika aliwaambia wadogo zangu wasinisogelee, na usiku akanifunikia sahani ya bukari na tshibwabwa, majani ya maboga. Usingoje mpaka mmekosana. Mzazi anayekupa kitanda hawezi kukisia mahitaji ya chuo ambacho hakukisoma. Na siku zisizo za mtihani, osha vile vyombo.

Pesa: risiti ya benki ya minervali ni kama hati ya nyumba. Toa kopi mbili, ya kwanza iache nyumbani, ya pili tembea nayo, na ile halisi usimwachie mtu yeyote bila yeye kusaini kwamba ameichukua. Pesa ya nauli igawe kwa juma. Silabusi moja mnaweza kununua wawili, lakini ile ya kozi yenye krediti nyingi kila mtu awe na yake.

Wakubwa watakuita "bleu", yaani mgeni wa chuo. Jina hilo litapita. Lakini mtu akikuamuru kupiga magoti, kuvua nguo au kutoa pesa ili "ubatizwe", ondoka, na uondoke na wenzako. Na kwa mabinti hasa: mwenye kalamu ya alama akikuita ofisini peke yako jioni, usiende peke yako. Nenda na mwenzako, asubuhi, mlango wazi. Nilimwona mwenzangu mmoja akiacha mwaka kwa sababu alidhani ni aibu yake. Haikuwa yake hata kidogo, na kama angemwambia mmoja wetu tungekwenda naye wote wanne. Sema mapema, sema kwa zaidi ya mtu mmoja, na uhifadhi ujumbe wote ulioandikiwa.

Upweke utakuja pia, kwa kawaida mwezi wa pili, poda ikiisha kusahaulika. Kwangu ulikuja kupitia samaki. Kule Kalemie ndagala, yaani dagaa, tunazipika mbichi zimetoka ziwani asubuhi. Hapa nikapewa kapenta, dagaa wakavu, nikatafuna, nikalia mezani mbele ya watu. Mvua ilikuwa imeanza, jakaranda za mjini zimeshapukutisha maua, viatu vyangu vimejaa udongo mwekundu, na nilitaka kurudi nyumbani kwa treni ya kwanza. Nilimpigia mama simu. Hakunishauri kitu. Aliniambia: "Nielezee, leo wamewafundisha nini?" Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili cha nyumbani, na simu ilipokatika kwa kuisha salio nilikuwa nimekwisha eleza nusu ya kozi ya takwimu na sikuwa nalia tena. Wakati ule sikujua kwamba tayari nilikuwa nafanya kile ambacho binti wa Katuba angenifundisha baadaye.

Basi mpigie simu aliye nyumbani, na akikuuliza hali, mweleze na kozi. Ijumaa mchana, kabla ya kwenda kutafuta gari la mjini, pita kwanza kwenye valve: karatasi za Jumatatu mara nyingi zinabandikwa saa hiyo, watu wakiwa wamekwisha kuondoka.