Pedi za mbele: fungua pini kabla hujashangilia pedi mpya

Ndugu, umeuliza kama unaweza kubadilisha pedi za breki za mbele za Toyota Fielder yako mwenyewe hapo kwenye maegesho ya ploti, maana breki zimeanza kulia. Unaweza. Mimi nina Fielder ya 2010 na nimezibadilisha mara tatu nyumbani, Kasarani.

Nilianza baada ya kuumia. Fundi mmoja wa kando ya barabara aliniwekea pedi mpya upesi upesi, nikaondoka nimeridhika. Miezi michache baadaye, nikikanyaga breki nasikia chuma kinasaga chuma. Nikachungulia kwenye rimu, nikaona pedi ya nje bado nene, nikadhani ni vumbi tu. Kumbe ya ndani, ambayo huioni vizuri mpaka gurudumu litoke, ilikuwa imebaki bati tupu. Diski ilikuwa imechimbwa mifereji, ukipitisha kucha inanasa. Ikabidi ninunue diski pia.

Sababu ilikuwa pini. Kalipa ni kile chuma kinachobana pedi mbili kwenye diski, na kwenye gari kama letu pistoni yake iko upande wa ndani tu. Inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini zikikauka na kushika kutu, kalipa haitelezi, pedi moja inabeba kazi ya mbili. Yule fundi hakuzigusa kabisa.

Kwa hivyo ukinunua pedi pale Grogan, mtaa wa vipuri jijini Nairobi, mpe muuzaji nambari ya chasisi, si jina la gari tu, na ununue seti ya magurudumu yote mawili. Chukua pia grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi usiitie humo, inavimbisha mipira ya pini.

Weka gari kwenye kabro au saruji, si kwenye murram ambapo jeki inazama. Vuta hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, legeza nati kidogo kabla ya kuinua. Jeki ya gari ni ya kuinulia tu. Gari likae juu ya stendi. Hapa sina mzaha, tafadhali. Mimi huongeza na lile gurudumu nililolitoa, nalilaza chini ya ubavu wa gari.

Kalipa ya Fielder yangu inashikwa na boliti mbili za spana 14. Toa ya chini, inua kalipa juu, pedi zitoke. Ukiitoa kalipa yote, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa bomba la mpira la mafuta ya breki. Sasa chomoa pini moja moja, futa grisi kuukuu, sugua kutu, paka mpya, na kila moja irudi tundu lake, kwa maana ya juu na ya chini huenda si sawa. Ukiisukuma kwa kidole iingie na kutoka bila kubishana. Sugua pia kwa brashi ya waya pale masikio ya pedi, yaani ncha zake mbili, yanapokaa.

Kurudisha pistoni, weka pedi kuukuu juu yake na ubane kwa klampu polepole. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha tangi la mafuta ya breki, kwa sababu yatapanda. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji papo hapo, yanaila.

Rudisha kila kitu, kisha fanya upande wa pili. Nati za magurudumu kaza kwa mtindo wa nyota, yaani kwa kuvuka, si kwa kufuatana. Kipimo cha kukaza ni Nm 103 (niutoni mita).

Kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi sakafuni, kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Ukirudi nyuma kutoka kwenye maegesho bila kufanya hivyo, huna breki.

Halafu, ili pedi mpya zizoeane na diski, tafuta barabara tulivu, Jumapili asubuhi ni nzuri. Kimbia kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10, rudia mara nane au kumi bila kusimama kabisa. Mteremko mkali wa Mai Mahiu uache kwa siku chache.

Ukikuta pedi ya ndani imelika kuliko ya nje, weka hapa picha ya pini kabla hujauziwa kalipa nzima.