Amplifaya ya kupima umeme wa misuli: mbona naona 50Hz tu?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa pili, nasoma elektroniki, projekti yangu ni kusoma umeme wa msuli wa mkono. Nimetumia opampu (chipu ya kukuza signali) moja ya LM741, kwenye kuingilia nimeweka rezista mbili za 1k na zingine mbili za 1M ili nipate geini ya 1000, yaani ikuze mara 1000, betri mbili za 9V, stika za ECG (zile za kupimia moyo) za dukani, naangalia mawimbi kwa oskiloskopu ya maabara. Output muda mwingine inakwama juu kabisa, muda mwingine naona wimbi la 50Hz la umeme wa ukutani tu, nikikaza mkono hakibadiliki kitu. Nimeweka filta ya kukata 50Hz lakini wapi. Niongeze geini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiongeze geini, geini unayo ya kutosha ila umeiweka mahali pabaya.

Lakini kabla ya yote, hiyo oskiloskopu. Ile klipu yake ya graundi imeungana na ethi ya ukutani, kwa hiyo ukishabandika stika mkononi na wewe umeshafungwa kwenye ethi, ukija kugusa kitu kinachovuja umeme kwa mkono wa pili basi umeme unapita kifuani. Nakuomba sana usirudie. Saketi ikiwa na mtu tumia betri tupu, na kama unasomea kwenye laptopu chomoa chaja, na kama una bluetuthi ndio nzuri zaidi maana waya wa kwenda kwenye laptopu haupo kabisa. Oskiloskopu ibaki ya kupimia saketi ikiwa haina mtu. Alafu kwenye kila waya wa stika mbili za kupimia weka rezista ya 100k, hata chipu ikifa ikatoa volti 9 zote, mtu anapata kama maikroampia 90 tu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umeme wa msuli juu ya ngozi ni milivolti chache tu, mara nyingi hata moja haifiki. Stika nazo zinatengeneza volti yao iliyotulia, kwa sababu ya kemia ya chuma na ile jeli, na tofauti kati ya stika mbili inaweza kufika 300mV. Zidisha hiyo mara 1000 ni volti 300, betri yako ya 9 izitoe wapi? Ndio maana output inakwama juu, na ikishakwama hata msuli ufanye nini huoni kitu.

Tatizo la pili ni hizo 1k. Ngozi kavu na stika vina makumi ya kilo-ohm, tuseme 50k kila upande, na wewe kati ya miguu yako miwili ya kuingilia una 2k tu, kwa hiyo signali inagawanyika unabakiwa na moja ya 51! Na hapohapo 50Hz inakuzwa vizuri tu, maana mwili mzima ni antena, unaiingiza kwenye stika zote mbili kwa pamoja, na saketi inatakiwa iondoe kile kilicho sawa pande zote. Ukiwa na rezista za kawaida za asilimia 5 na pande mbili zisizolingana haiwezi kuondoa, yaani filta yoyote utakayoweka mbele inafagia maji huku bomba liko wazi.

Kwa hiyo tafuta amplifaya ya instrumentesheni, yaani chipu iliyotengenezwa kukuza tofauti kati ya nyaya mbili, AD620 au INA128, rezista za ndani zimeshalinganishwa kiwandani na kwenye kuingilia haili signali kabisa. Kwa AD620 geini ni 1 + 49.4k gawanya kwa rezista unayoweka, weka 2.7k mbili mfululizo upate kama 10. Kumi tu, inatosha! Zile 300mV zinakuwa volti 3 na bado una nafasi. Baada ya hapo ndio unakata ile volti iliyotulia: kapasita ya 1µF mfululizo na rezista ya 8.2k kwenda graundi, inakata chini ya 19Hz hivi, inaondoa na mtikisiko wa nyaya. Ikishakuwa safi ndio unaikuza kwa opampu ya TL072, mguu wa minasi uwe na 1k kwenda graundi na 100k ya kurudisha kutoka output, na sambamba na hiyo 100k weka kapasita ya 3.3nF ikate juu ya 480Hz. Jumla unarudi kwenye 1000 yako ileile.

Ile filta ya 50Hz itoe. Nguvu kubwa ya msuli iko kati ya 50 na 150Hz, unajikata mwenyewe.

Stika ya tatu, ya graundi, iende kwenye mfupa wa kiwiko, sio juu ya msuli. Mbili za kupimia zifuate urefu wa msuli, vitovu vyake viachane sentimita 2, nyaya zake zisokote pamoja na ziwe fupi. Ngozi isugue kwa pamba yenye spiriti mpaka iwe nyekundu kidogo. Na angalia jeli! Mimi niliwahi kuhangaika siku mbili nabadilisha chipu, kumbe pakiti ya stika ilifunguliwa zamani jeli imekauka, nimebandua moja naigusa kwa kidole haina hata unyevu.

Kwanza unganisha nyaya zote tatu pamoja bila mtu, output inatakiwa itulie. Isipotulia shida ni saketi, ikitulia alafu mtu akivaa 50Hz ikarudi, shida ni ngozi au stika. Ikikubali, mkono ukiwa umelegea utaona mstari mwembamba, kunja ngumi ubebe hata chupa ya maji ya lita moja na nusu, mstari unavimba ghafla unakuwa kama manyasi yamesimama juu na chini, ukishusha unalala. Kama unasoma kwa Arduino inyanyue signali ikae kwenye 2.5V na isitoke nje ya 0 mpaka 5V, na usome angalau mara 1000 kwa sekunde, mimi ningesoma 2000.