Usiende kwa mshauri nasaha wa chuo ukaanza na "sipati usingizi"

Mdogo wangu, usifanye hivyo. Umeuliza mengi: vikao ni vingapi, kama unaweza kuchagua mshauri wa kike, kama rafiki yako anaruhusiwa kuingia nawe, kama chuo kitajua. Mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho: "Alhamisi nitawaambia tu sipati usingizi, hayo mengine nitayasema baadaye nikishawaamini." Maneno hayo hayo nilijiambia nikiwa mwaka wa 2, yakanipotezea mwaka mzima.

Muhula ule nilikuwa naamka saa 9 za usiku na silali tena mpaka kunakucha. Darasani nikawa siendi, kula nikawa nakula nikikumbushwa. Na kulikuwa na wazo lililonijia kila siku, kwamba watu wangu wangepumzika kama nisingekuwepo. Hilo wazo ndilo lililonifikisha kwenye mlango wa ushauri nasaha, si usingizi. Mapokezi nikapewa fomu. Vyuo vingi hutumia ile inayoitwa PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Swali la 9 halizunguki, linauliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa, au kujidhuru.

Nikaweka 0.

Nikaweka 0 kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile, dada mmoja wa mwaka wa 3 niliyekaa naye chumba kimoja alinikalisha kitandani akanionya. Ukiandika ukweli, alisema, wanapiga simu nyumbani, jina linapelekwa kwa mkuu wa kitivo, unarudishwa kwenu na barua kwamba huna akili timamu. Alisema bila kusitasita hata kidogo. Miezi baadaye nikamuuliza alijuaje. Akajibu, "Nilisikia." Hajawahi kukanyaga ofisi ile! Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Mtu anakuja kwako na uhai wake mkononi, nawe unampa uvumi. Kama hujui, sema hujui, mpeleke kwa anayejua.

Basi fomu yangu ikajumlishwa, ikatoka 6. Kwenye kipimo kile, 5 hadi 9 ni dalili ndogo. Mshauri, mama mmoja mpole, akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna, ni mitihani tu. Alifanya kazi kwa kile nilichompa. Hapa ndipo wengi hatuelewi: kikao cha kwanza mara nyingi si cha tiba, ni cha kupima nani aonwe leo, nani anaweza kusubiri, nani apelekwe hospitali. Washauri ni wachache, wanafunzi ni wengi, na mitihani ikikaribia foleni inarefuka. Mimi nikapangiwa semina ya kupanga muda, na kikao cha pili baada ya wiki 5. Nafasi za haraka wakapewa waliosema, na ilikuwa haki yao.

Wiki ya 3 nikaacha kutoka chumbani. Mitihani 2 sikuingia. Nilipopata nguvu ya kurudi ofisini, nikaomba barua ya kuunga mkono ombi langu la kuahirisha masomo. Yule mama akafungua faili mbele yangu, akasoma kimya, akainua macho. "Mwanangu, hapa pameandikwa hulali vizuri kwa ajili ya mitihani. Nikuandikie nini?"

Sikuwa na la kujibu. Aliandika alichoweza, kamati ikakataa, mitihani ile ikahesabiwa sifuri nikarudia mwaka. Siku wenzangu wanahitimu nilikaa ukumbini nawapigia makofi, na niliwapigia kwa moyo wote, lakini mikono ilikuwa mizito.

(Mtakaosema nimeandika gazeti, someni tu, la leo ni la bure.)

Siku ya faili ndiyo siku niliyojaza fomu upya kwa ukweli. Ikatoka 19, ngazi moja tu chini ya ile mbaya kabisa. Unajua kilichofuata? Nyumbani hakuna aliyepigiwa simu. Mshauri aliniuliza kwa utulivu kama nimepanga kufanya chochote, kama nimewahi kujaribu, nani yuko karibu nami usiku. Tukaandika pamoja karatasi moja: dalili za kunitahadharisha, watu 3 wa kupigia, mahali pa kukimbilia. Baada ya siku 2 nikaonana na daktari, maana mshauri kwa kawaida haandiki dawa. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo ukipewa usizitupe siku ya 4.

Kuhusu siri: yapo mambo yanayomlazimu mshauri kuongea. Hatari ya karibu kwako au kwa mtu mwingine, mtoto anayeumizwa, amri ya mahakama. Kuwa na mawazo mazito peke yake si sawa na hatari ya saa hiyo, ndiyo maana wanauliza yale maswali. Usitegemee maneno yangu wala ya mwenzako wa chumbani. Kabla hujasaini chochote muulize mshauri mwenyewe: "Nikikuambia nini utalazimika kumwambia mtu mwingine?" Ni swali la kawaida kwao, na wengi wao huanza kulieleza kabla hujauliza.

Sasa hilo la "nikishawaamini". Vyuo vingi hutoa vikao vichache kwa kila mwanafunzi, kila kimoja dakika 45 au 50, kisha anayehitaji zaidi huelekezwa nje. Ukitumia vikao 4 kupima kina cha maji, utaanza kuogelea wakati wanakuaga. Na nimejiona mwenyewe: lile zito mtu hulitoa akiwa ameshashika kitasa cha mlango, dakika zimekwisha, mwingine anasubiri nje. Litoe ndani ya dakika 10 za mwanzo. Mdomo ukigoma, andika. Leo, chukua karatasi uandike sentensi moja, ile unayoikwepa, na Alhamisi umkabidhi hata kabla hujaketi. Kwenye fomu jibu vilivyo, hasa swali la 9.

Na kama lile unaloliacha kwa ajili ya "baadaye" ni wazo kama lililokuwa langu, hiyo Alhamisi ni mbali. Nenda kesho asubuhi bila miadi, uwaambie mapokezi ni dharura, ofisi nyingi hutenga nafasi kwa ajili hiyo. Likikuzidi usiku, mwamshe mtu aliye karibu, mwende wote hospitali au mpige namba ya dharura. Mimi nipo macho. Niandikie hapa ukishaandika hiyo sentensi, si lazima uniambie inasema nini.