Usingoje likizo ya Desemba, mpeleke macho wiki hii

Dada, ngoja kwanza. Umeuliza chakula, umeuliza shule, umeuliza kama sarkoidosi ya mwanao (ugonjwa wa kinga ya mwili unaoleta uvimbe sehemu mbalimbali) itafika mapafuni, halafu mwishoni kabisa ukatupia: "macho yake mazima, hayajawa mekundu, kliniki ya macho tutaenda likizo ya Desemba." Hapo ndipo nilipoweka chai chini.

Ugonjwa huu ukimpata mtoto wa chini ya miaka 5 si ule wa watu wazima wa kukohoa. Unakamata ngozi, viungo na macho; mapafu mara nyingi unayaacha. Vipele na vifundo vilivyovimba kila mgeni anaviona. Jicho linaharibikia ndani, kimya, jeupe kabisa, na mtoto hasemi kitu. Atasemaje? Wa miaka mitatu akiona ukungu anadhani dunia ndivyo ilivyo.

Mimi mwanangu ana ugonjwa huohuo, na daktari mmoja aliniambia, tena kwa kujiamini: "Jicho likiumwa litakuwa jekundu, usijipe presha." Sikujipa. Presha akaipata mwanangu, ya jicho. Na daktari huyo alimpima kwa tochi ya simu! Tochi ya simu ni ya kutafutia funguo chini ya kochi, jamani. Nikamwamini, nikarudi nyumbani nimeridhika, miezi ikapita. Tulipokuja kumpakata mbele ya ile mashine ya kuwekea kidevu, mboni ilishagandamana na lenzi, haina duara tena, imekatika pembeni kama jani lililoliwa na kiwavi. Mtoto wa jicho naye alishaanza. Jicho hilo leo linaona vidole vikiwa karibu tu.

Usitegemee kwamba prednisoloni anayokunywa, ile steroidi ya kutuliza uvimbe, inamlinda. Ikitumika muda mrefu, yenyewe huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya macho. (Usiikatishe ghafla, hiyo ni hatari nyingine.) Muulize daktari kuhusu methotreksati na adalimumabu, dawa nyingine za kutuliza kinga ya mwili, lakini baada ya macho.

Kwa hiyo macho kwanza. Rufaa iandikwe "yuveitisi?" (yaani uvimbe wa ndani ya jicho) na neno "haraka". Ukifika, dai ile mashine, matone ya kutanua mboni, na presha ya macho ipimwe. Mtoto akigoma, mpakate, mtu mwingine amshike kichwa. Ikishindikana kabisa wanaweza kumpima akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Wakikuta safi, usishangilie, uliza tarehe ya kurudi.

Kesho tuandikie umepangiwa lini.